Simoni Mkirene na Wapagazi Wetu

Somo: Marko 15:21



Katika habari ya mateso ya Bwana wetu yupo mtu mmoja apitaye upesi sana, hata mara nyingi twasoma bila kumwona. Askari wa Kirumi walikuwa wakimpeleka Yesu mahali pa kusulibiwa. Njiani wakamkuta mtu anatoka shamba, wakamkamata, wakamtwika msalaba. Hawakumwuliza kama ataka, wala ana kazi gani nyumbani, wala ni nani anayemngoja na chakula. Walihitaji bega, na yeye alikuwa nalo.

Marko hakumpa mtu huyo zaidi ya mstari mmoja. Lakini katika mstari huo ametuambia mambo matatu. Ametuambia jina lake, Simoni. Ametuambia kwao, Kirene, mji wa Afrika ya kaskazini katika nchi iitwayo Libya siku hizi. Na ametuambia majina ya wanawe wawili, Iskanda na Rufo. Majina ya askari waliomkamata hatuyajui. Jina la mchukuzi twalijua, na Kanisa limelisoma kila mwaka kwa muda wa karibu miaka elfu mbili.

Tumelichagua somo hili kwa sababu ya jambo lililotokea hapa kwetu, nalo limetusumbua tangu siku ile.

Siku chache kabla ya Siku ya Marehemu Wote bibi mmoja mzee alikuja mlangoni pa kanisa wakati majina ya marehemu yalipokuwa yakiandikwa. Alitaka jina la babu yake mzaa baba liandikwe, lisomwe na mengine. Aliyekuwa akiandika akamwuliza, "Bibi, jina lake la ubatizo?" Akajibu, "Hakubatizwa, mwanangu." Akaulizwa, "Alifariki mwaka gani?" Akasema, "Hatujui. Alikamatwa kwenda kubeba mizigo ya vita vya Wajerumani, hakurudi." Akaulizwa, "Kaburi lake liko wapi?" Bibi akanyamaza. Mwisho akaambiwa kwa upole kwamba kitabu kina nafasi ya jina la ubatizo, tarehe na mahali, na yeye hana hata moja katika hayo matatu. Akashukuru, akaenda kuketi mahali pake.

Hakuna aliyemkosea adabu. Utaratibu ulifuatwa. Lakini Misa ilipokwisha wengi wetu tulirudi nyumbani na uzito moyoni, kwa maana tulijiona tumefanya kwa kitabu chetu kile kile ambacho wakubwa wa dunia walifanya kwa vitabu vyao. Basi na tuitazame habari yenyewe, ili tujue bibi huyu alikuwa akituomba nini.

Vita Kuu vya 1914 hadi 1918 wengi wetu tulifundishwa kama vita vya Ulaya. Lakini mpaka huu tunaouvuka kila siku pale Tunduma ulikuwa mstari wa vita tangu mwanzo. Upande huu walikaa Wajerumani, na upande wa Zambia ya leo, iliyoitwa Rhodesia ya Kaskazini, walikaa Waingereza. Mwezi wa Septemba 1914 Wajerumani waliushambulia mji wa Abercorn, ambao leo ni Mbala. Mwaka 1915 palikuwa na mapigano makali huko Saisi. Boma la Fife, ng'ambo ya mpaka karibu nasi, lilipigwa zaidi ya mara moja. Mwezi wa Mei 1916 majeshi ya Jenerali Northey yaliuvuka mpaka kuingia nchi hii. Na vita vilipokaribia mwisho vilirudi huku huku. Mwanzo wa Novemba 1918 jeshi la Jenerali von Lettow-Vorbeck lilipita tena Fife, likashuka hadi Kasama, likapata habari ya amani kwenye mto Chambeshi. Lilikabidhi silaha zake Abercorn tarehe 25 Novemba 1918, majuma mawili baada ya kengele za amani kulia Ulaya. Vita vile vilivyoanzia mbali vilikoma mlangoni petu.

Sasa, ndugu, jeshi halili risasi. Lahitaji unga, chumvi, dawa, mahema na masanduku ya baruti. Huku hapakuwa na reli. Barabara ya Tunduma kwenda Sumbawanga, ambayo leo malori huipita usiku na mchana, haikuwapo. Ng'ombe na farasi waliletwa, wakafa kwa mbung'o. Ikabaki njia moja tu, nayo ni kichwa na bega la mwanadamu.

Na tufanye hesabu rahisi, ya kufundishia mtoto wa shule. Tuseme mpagazi abeba kilo 25 za unga, na kila siku ala kilo moja. Akienda mwendo wa siku kumi na kurudi siku kumi, amekula kilo 20. Askari aliyeko mbele apata kilo tano. Ndiyo maana kwa kila askari mmoja walihitajika wapagazi wengi nyuma yake, na kadiri jeshi lilivyosonga mbele ndivyo vijiji vilivyozidi kumalizwa. Inakadiriwa kwamba kwa upande wa Waingereza peke yao watu wapatao milioni moja walichukuliwa kwa kazi hii katika Afrika ya Mashariki na ya Kati, na kwamba karibu laki moja walikufa. Wajerumani nao waliwakamata wao, wala hawakuweka hesabu ya kutegemewa. Siku ile ya Abercorn, waliokabidhiwa pamoja na Wazungu 155 walikuwa askari 1,168 na wapagazi zaidi ya 1,500. Hao ndio waliokuwa wamebaki.

Wengi waliokufa hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, kichomi, njaa, na unga mbaya ulioivishwa nusu kwa sababu hapakuwa na wakati wa kupika. Mtu wa bondeni alipelekwa milimani bila blanketi, na mtu wa milimani akapelekwa bondeni kwenye mbu. Aliyeanguka njiani aliondolewa mzigo, mzigo ukapewa mwingine, msafara ukaendelea. Mishahara ya wengi waliokufa haikuwafikia warithi wao kamwe. Na nyumbani, pale wanaume wa kukata miti ya mashamba ya ulezi walipokuwa wamechukuliwa, mama zetu walibaki na watoto na ghala tupu. Kisha mwisho wa 1918 yakaja yale mafua makali, yakawakuta watu wamekwisha kudhoofika.

Upande wa Nyasa na Rhodesia waliwaita tenga-tenga. Dar es Salaam kambi yao ilikuwa mahali paitwapo leo Kariakoo, jina litokanalo na Carrier Corps, yaani kikosi cha wachukuzi. Kila siku maelfu ya watu hutaja jina hilo wakienda kununua viatu na vitambaa, wala hawajui kwamba wanawataja marehemu.

Na sisi Wanyamwanga tuna huzuni yetu ya pekee. Mpaka ulipita katikati ya jamaa zetu. Mtu wa upande huu alibeba masanduku ya Wajerumani, na binamu yake wa upande wa pili akabeba ya Waingereza, na masanduku yote mawili yalikuwa na risasi. Hakuna kati yao aliyekuwa na ugomvi na mwenzake.

Baada ya vita nchi zote zilizopigana zilitaka kuwakumbuka watu wao. Mwaka 1917 Waingereza walikuwa wameunda Tume ya Makaburi ya Vita. Tume hiyo ilikuwa na kanuni njema sana, kwamba kila aliyekufa akumbukwe kwa jina lake, na pasiwe na tofauti ya tajiri na maskini, afisa na askari wa kawaida. Ukienda Ufaransa utaona mawe yaliyo sawa sawa, safu kwa safu. Lakini kanuni hiyo ilipofika Afrika ya Mashariki ilipunguzwa. Makaburi ya Wazungu yaliwekewa mawe na majina. Makaburi ya wapagazi yaliachwa yaote majani. Palijengwa sanamu za jumla mahali pachache, kama ile ya Dar es Salaam iliyowekwa mwaka 1927, ambayo juu yake amesimama askari na bunduki yake. Majina ya wapagazi hayakuchorwa. Ilisemwa kwamba watu hao hawangeelewa maana ya kaburi lenye jina. Ninyi mnaopalilia makaburi ya wazee wenu, ninyi mnaowapa wajukuu majina ya mababu ili yasipotee, mwajua kama neno hilo lilikuwa kweli.

Ilipita zaidi ya miaka mia. Mwezi wa Aprili 2021 Tume yenyewe ilitoa taarifa ya uchunguzi wake. Ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao Waafrika wa Mashariki na Wamisri, hawakukumbukwa kwa majina, na huenda hawakukumbukwa kabisa. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza aliomba radhi bungeni tarehe 22 Aprili mwaka huo. Na mwezi wa Januari 2025 mjini Cape Town ilizinduliwa kumbukumbu ya wafanyakazi Waafrika wa Afrika Kusini waliokufa katika vita vile, yenye majina zaidi ya 1,700. Basi jambo hili lawezekana. Majina yakitafutwa hupatikana, hata baada ya miaka mia. Lakini ni lazima awepo mtu wa kuyatafuta.

Wako watakaosema, "Mambo haya ni ya zamani, wenyewe wamekufa, faida gani?" Tuwajibu kwa habari ya mtu aliye hai. Huko Marekani yuko mzee aitwaye Ed Dwight, aliyezaliwa mwaka 1933. Alikuwa rubani wa jeshi la anga. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alipewa mafunzo ya rubani wa majaribio, yaani wale wanaorusha ndege mpya kabla hazijaaminiwa, ili wengine wapate kuzipanda kwa usalama. Akatajwa kuwa huenda atakuwa mtu mweusi wa kwanza wa nchi ile kwenda anga za juu. Magazeti yalichapa picha yake. Kisha mwaka 1963 majina ya waliochaguliwa yakatangazwa, lake halikuwamo. Mwaka 1966 akaacha jeshi. Miaka ikapita, watu wakamsahau.

Na alifanya nini mtu huyo aliyesahauliwa? Alijifunza kuchonga sanamu. Akatumia maisha yake kuwafanyia kumbukumbu watu weusi ambao historia ya nchi yake ilikuwa haikuwapa nafasi. Tarehe 19 Mei 2024, akiwa na umri wa miaka 90, alipandishwa katika chombo, akafika anga za juu kwa dakika chache, akarudi. Watu walifurahi pamoja naye, nasi twafurahi. Lakini miaka 60 ni mingi. Tukimngoja mtu hadi afike 90 ndipo tumpe haki yake, tusijisifu kwa ukarimu. Tumshukuru Mungu tu aliyemhifadhi hai mpaka tulipopata akili.

Wapagazi wetu hawakuhifadhiwa hivyo. Inasimuliwa kwamba mwaka 1964 serikali ya Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa askari wazee waliopigana chini ya von Lettow-Vorbeck, na mlipaji akatumwa Mwanza na fedha. Wazee mia kadhaa wakaja. Wachache walikuwa na vyeti vyao, na wengine walileta vipande vya sare kuukuu. Basi wakajaribiwa hivi: kila mmoja akapewa ufagio kama bunduki, akaamriwa kwa Kijerumani ashike, apandishe begani, ateremshe. Wasema hakuna hata mmoja aliyeshindwa, ingawa ilikuwa imepita miaka karibu 50.

Twacheka tusikiapo habari ya ufagio. Lakini fikirini kidogo. Kama mpagazi mzee angalifika siku ile, angalipewa mtihani gani? Hakufundishwa kwata. Hakupewa cheti wala kofia. Angaliweza kufunua bega tu, aonyeshe mahali ngozi ilipokuwa ngumu kama ya kwato. Na bega halikuwa hati iliyokubaliwa. Askari alikuwa amesahauliwa kwa muda, kisha akakumbukwa. Mpagazi hakuwa ameandikwa, na asiyeandikwa hakuna wa kumkumbuka ofisini.

Tusiwalaumu wengine bila kujitazama wenyewe. Kanisa letu la Anglikana linayo historia njema katika jambo hili, na ndani ya hiyo historia njema pana pengo. Mwaka 1916 wachukuzi walipohitajika kutoka Unguja, Askofu Frank Weston wa Zanzibar aliwakusanya, akawaongoza yeye mwenyewe, akatembea nao kwa miguu. Alipewa cheo cha meja, na baadaye nishani. Baada ya vita hakunyamaza, na mwaka 1920 aliandika kuwashutumu watawala wa nchi yake kwa sababu ya kazi za kulazimishwa katika Kenya. Ni haki tumheshimu. Lakini twajua jina la Askofu, mwaka aliozaliwa na mwaka aliokufa. Majina ya waliotembea nyuma yake na mizigo kichwani ni nani kati yetu awezaye kuyataja? Hata sisi tulichora jina la mbele ya msafara, tukaacha la nyuma.

Maandiko yanaifahamu sana tabia hii ya wanadamu. Katika Mhubiri sura ya 9 twasoma juu ya mji mdogo uliozingirwa na mfalme mkuu, na maskini mmoja akauokoa kwa hekima yake, na baadaye hakuna mtu aliyemkumbuka yule maskini. Yusufu alimsaidia mnyweshaji wa Farao gerezani, naye alipotoka akamsahau. Mordekai aliokoa maisha ya mfalme wa Uajemi. Habari zake ziliandikwa kitabuni, lakini hakuna alilotendewa, mpaka usiku ule mfalme alipokosa usingizi akaagiza asomewe kitabu. Angalieni jambo hili: kitabu kilikuwapo. Kama habari ya Mordekai isingeandikwa, mfalme angalikosa usingizi bure.

Sasa twajua kuna maswali, nayo ni ya haki, na katika Halmashauri ya parishi yalisemwa wazi.

Mmoja alisema, "Hawa hawakujitolea, walikamatwa. Tutawaheshimu kwa tendo ambalo hawakulichagua?" Turudi kwa Simoni. Yeye naye hakujitolea. Alishurutishwa, na Injili haikulificha jambo hilo. Hata hivyo msalaba alioubeba ulikuwa mzito kweli, na jasho lililomtoka lilikuwa jasho kweli, na Bwana wetu alipumzika kweli kwa mwendo ule mfupi. Anayelazimishwa kubeba, uzito haupungui kwa sababu alilazimishwa. Huzidi.

Mwingine alisema, "Walibeba mizigo ya watawala wa kigeni. Tukiwasifu, hatutasifu utawala ule?" Hapana. Atajaye jina la aliyeonewa hamsifu mwonezi. Simoni aliubeba msalaba kwa amri ya Warumi, lakini tukimtaja leo hatumsifu Pilato. Kinyume chake, tusipowataja wapagazi tunakubali hesabu ya watawala wale, waliowaandika pamoja na magunia.

Wa tatu aliuliza swali lililo gumu kuliko yote: "Wengi wao hawakubatizwa. Je, majina yao yasomwe kanisani?" Swali hili hatulipuuzi. Ubatizo si jambo dogo kwetu. Lakini kuwaombea watu si kuwaandika katika daftari la ubatizo. Tunawaombea wagonjwa wasio Wakristo, twawaombea watawala wa dini zote, twaiombea mvua ya mashamba ya kila mtu. Kwa nini tusiwakabidhi kwa rehema ya Mungu wale waliokufa njiani bila mtu wa kuwafumba macho? Hukumu si yetu, ni yake Yeye aliyesema kwamba tendo alilotendewa mdogo kabisa ametendewa Yeye. Na walikuwa wadogo kabisa.

Wa nne alisema kwamba Mkristo hatafuti sifa za watu. Ni kweli, Bwana alitufundisha hivyo. Lakini tutenganishe mambo mawili. Kujitafutia sifa mwenyewe ni dhambi ya kiburi. Kumnyima mwenzako heshima aliyostahili ni dhambi ya dhuluma. Mtume Paulo awaambia Warumi wampe kila mtu haki yake, na heshima ni mojawapo ya haki hizo. Mpagazi hakuomba jiwe. Wajukuu wake hawaombi fedha. Bibi yule hakutuomba kitu ila dakika moja na kalamu.

Basi Halmashauri imekubaliana, nasi twawatangazia ninyi nyote, mambo haya.

Kwanza, kitafunguliwa kitabu kingine, kitakachokaa karibu na kile cha marehemu. Kitakuwa na nafasi ya jina kama lilivyojulikana kijijini, jina la baba yake, ukoo, mahali alipochukuliwa, na neno lo lote linalokumbukwa juu yake. Asiye na tarehe ataandikwa bila tarehe. Asiye na kaburi ataandikwa bila kaburi. Na wake zao na mama zao waliobaki na njaa, nao wataandikwa.

Pili, twawaomba vijana wa kwaya na wanafunzi wa sekondari wawatembelee wazee, waketi nao, wasikilize. Msiende kama karani wa kodi. Nendeni kama wajukuu, mkisalimu vizuri na kungoja. Mzee hasemi yote siku ya kwanza. Na mjue kwamba waliobaki na habari hizi si wengi, na kila mazishi tunayokwenda yanatupunguzia kurasa. Jina la jirani asiye wa kanisa letu nalo liandikwe, awe wa dhehebu jingine au Mwislamu au mfuasi wa mila. Msafara ule haukuwauliza watu dini.

Tatu, Jumapili iliyo karibu na tarehe 25 Novemba majina yatasomwa, yote, bila haraka. Tunatumaini ndugu zetu wa ng'ambo ya mpaka watafanya hivyo siku iyo hiyo, ili binamu wale waliobeba masanduku ya pande mbili watajwe pamoja.

Nne, tutaiandikia serikali ya kijiji na wilaya kuomba mahali pa kuweka jiwe moja kando ya barabara, ambapo wapitao watajua kwamba kabla ya malori walipita watu. Taifa letu huadhimisha Siku ya Mashujaa tarehe 25 Julai, na twaona ni haki wapagazi wa mpaka huu watajwe siku hiyo pia. Na kwa kuwa Tume ya Makaburi imesema inatafuta majina, tutaipelekea nakala ya kitabu chetu. Hatujui watatujibu nini. Lakini hawataweza kusema kwamba majina hayakuletwa.

Ndugu zetu, turudi mara ya mwisho kwa Simoni. Kwa nini Marko aliandika majina ya wanawe? Walimu wengi wa Kanisa wamefikiri kwamba wale waliosoma Injili hiyo kwanza walimfahamu Iskanda na walimfahamu Rufo. Mtume Paulo naye, katika sura ya mwisho ya Warumi, amsalimu mtu aitwaye Rufo na mama yake, naye asema mama huyo amekuwa mama kwake pia. Hatuwezi kuapa kwamba ndiye Rufo yule yule. Lakini tazameni yawezekanayo: mtu akamatwa njiani, atwikwa mzigo usio wake, arudi nyumbani jioni amechoka. Yale aliyoyaona aliwasimulia wanawe. Wanawe hawakuyatupa. Na Kanisa lilipoandika, likawauliza, "Baba yenu aliitwa nani?"

Swali hilo ndilo tuliloshindwa kumwuliza bibi yetu vizuri. Tulimwuliza cheti, tulipaswa kumwuliza jina. Jumapili iliyofuata wawili kati yetu tulikwenda nyumbani kwake kumwomba radhi. Alitukaribisha, akatupa viti na togwa, naye akaketi mkekani. Tulipomwomba jina la babu yake alilitaja polepole, kisha akataja la baba wa babu, kisha ukoo, kisha akasema kwamba siku ile alipochukuliwa alikuwa anajenga ghala, akaliacha bila paa, na mkewe hakuruhusu mtu mwingine kulimaliza. Tukayaandika yote. Alipoona kalamu imesimama akauliza, "Limeingia?" Tukamjibu, "Limeingia, bibi." Akasema, "Basi sasa amefika."

Jina hilo ni la kwanza katika kitabu kipya. Chini yake pana mistari mitupu mingi. Njoni na majina yenu.

Na tuombe.

Ee Bwana Yesu Kristo, uliyesaidiwa kubeba msalaba wako na mtu wa Afrika aliyetoka shambani, uwakumbuke watumishi wako wote waliobeba mizigo isiyo yao katika nchi yetu, waliokufa njiani bila kaburi wala jina mbele ya watu. Wewe wawajua mmoja mmoja, kwa maana huna daftari linalokosa nafasi. Uwapumzishe na mizigo yao. Utusamehe sisi tuliochelewa. Utupe masikio ya kusikia kabla wazee wetu hawajanyamaza, na mkono wa kuandika kabla hatujasahau. Nasi utufundishe kuchukuliana mizigo, hata tufike kwako. Kwa ajili ya jina lako takatifu.

Amina.